Hotipoti za Bi Zuhura na Malipo ya Televisheni

Nikikaa ufukweni Mama Ngina jioni na mihogo yangu ya kukaanga, haupiti muda kabla kijana mmoja hajanisogelea. Ananisalimu vizuri, anaulizia afya, anaulizia magoti yangu, anajifanya kutazama meli inayoingia Kilindini. Mimi namwacha tu, kwa sababu najua kilichomleta. Akishaona nimelegea ndipo analitoa swali lake: "Shangazi Kadzo, wale watu wa vipindi vya maisha halisi, wale wanaopigwa picha majumbani mwao wakipika na kugombana, hasa hulipwa ngapi?"

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa msome nyote, mniache nile mihogo kabla haijapoa.

Kwa wasionijua, mimi ni Kadzo, mzaliwa wa Kaloleni, na nimeishi kisiwani Mombasa tangu nilipokuwa msichana wa kutumwa chai ofisini. Mpaka nilipostaafu mwaka jana kazi yangu ilikuwa mratibu wa washiriki. Kampuni ya televisheni ikitaka familia ya kupigwa picha Mombasa, mimi ndiye niliyeitafuta, nikakubaliana nayo malipo, nikahakikisha baba mwenye nyumba hakimbii siku ya pili, kisha nikasimama kando pesa zikitolewa ili kila mtu apate wa kumlaumu. Mbele ya kamera sikuwahi kutokea, isipokuwa kiwiko changu mara moja, na dada yangu alikitambua akanipigia simu.

Haya, malipo. Wengi wenu mnadhani mtu akionekana kwenye televisheni basi ameshatajirika. Kampuni niliyoifanyia kazi muda mrefu zaidi ilimlipa mwenye nyumba shilingi elfu tano kwa siku ya picha. Sikilizeni vizuri hapo: siku ya picha, si siku ya kalenda. Wanaweza kukaa kwako mwezi mzima, wakakusogezea kabati, wakakuvunjia birika, lakini siku ambayo kamera haikuwashwa huna chako. Mvua ikinyesha mwongozaji akaamua kulala hotelini, huna chako. Nguo ni zako. Sabuni ya kufulia nguo hizo ni yako. Na mtu wa taa akichomeka nyaya zake kwenye soketi ya ukuta wako, muulize palepale tokeni za umeme ananunua nani, kwa maana taa zile ukiziacha ziwake asubuhi, adhuhuri unapika gizani.

Haya yote nilifundishwa na Mwakio, mhasibu wetu, Mtaita mmoja mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Kadzo, usimlipe mtu mbele ya wifi yake." Nilidhani anafanya mzaha. Juma lililofuata, huko Kibokoni, nikamlipa mke wa mwenye nyumba sebuleni na wifi yake amekaa hapo anachambua mchele. Yule wifi alisimama, akaurudisha mchele wote guniani na mawe yake, akaondoka. Hawakusemezana siku nne. Mwongozaji alifurahi kupita kiasi, akanifuata kuniuliza kama naweza kumlipa tena mbele ya mama mkwe.

Kuna na kina dada wawili wa Makadara. Tuliandikiana mkataba na mmoja, Mwanaisha, aliyevaa ninja ya kufunika uso, akakubali kupigwa picha akishona mapazia kwa sharti uso wake usionekane. Vipindi vitatu vilipita salama. Kisha mtazamaji mmoja akatuandikia kuuliza mbona Mwanaisha hurefuka kila baada ya matangazo. Kwenda kuchunguza, kumbe alikuwa akipokezana na mdogo wake. Nilipowakalisha chini niwakaripie, yule mdogo akaniambia bila hata kupepesa macho, "Mbona bandarini watu wafanya kazi kwa zamu na hamuwafuati?" Mwakio akawalipa malipo ya mtu mmoja, wakagawana nusu kwa nusu, na mapazia yalitoka mazuri.

Lakini mkiniuliza ni nani aliyelipwa vizuri kuliko wote katika miaka yangu ya kazi, nitawaambia ni muuza kahawa ambaye hamkumwona hata kwa bahati mbaya. Mnawajua hawa wetu wa Mji wa Kale, dele la kahawa mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, anavigonganisha kuita wateja. Otieno, mtu wetu wa sauti, hakuweza kurekodi hata sentensi moja. Akatoka nje, akampa yule mzee shilingi mia mbili apitie mtaa wa pili. Mzee akashukuru, akaenda. Kesho yake alikuja akasimama chini ya dirisha hasa, akagonganisha mpaka akalipwa. Siku ya tatu alikuja na binamu yake. Kufikia mwisho wa juma kichochoro kizima kilikuwa kikilia vikombe, nami nikaingiwa na shaka, nikamwinulia mmoja wao kifuniko cha dele. Kavu. Hakuna kahawa, hakuna hata maji. Mwakio alikuna kichwa hajui matumizi hayo ayaandike vipi, mwishowe akaandika "utulivu".

Sasa nakuja kwa Bi Zuhura, na hapa ndipo swali lenu lina jibu la kweli.

Bi Zuhura alikaa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa moja aliyoiacha marehemu baba yake. Aliiacha kwa watoto wawili, Bi Zuhura na kaka yake Abdalla, aliyehamia Kisauni. Abdalla alitaka nyumba iuzwe. Alikuwa na mnunuzi tayari, mtu wa kuigeuza iwe nyumba ya wageni wa kitalii. Bi Zuhura hakutaka kusikia. Alizaliwa mle, akaolewa akitoka mle, akafiwa na mume akarudi mlemle. Wakapatana kwamba atamlipa kaka yake sehemu yake kidogo kidogo, na kwa miaka mingi akamlipa, kwa pesa ya mahamri ya asubuhi na kaimati za Ramadhani. Nilipomjua mimi, kilichobaki kilikuwa laki moja. Abdalla alikuwa amechoka kungoja. Akampa dada yake mpaka mwisho wa mwezi ule: laki moja iwe imetimia, la sivyo nyumba inauzwa na dada atarudishiwa alichokwisha kutoa.

Ndiyo maana mjane yule, mtu wa haya, aliyekuwa hata akipigwa picha ya kitambulisho hufumba macho, alikubali kamera ziingie kwake. Nilimpigia hesabu mwenyewe tukiwa tumekaa jikoni kwake: siku ishirini za picha, elfu tano kila siku. Akanishika mkono. "Kadzo mwanangu, itatimia?"

"Itatimia kamili, Bi Zuhura."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa sijamwona akipokea wageni.

Siku ya kwanza, saa sita za mchana, chakula cha wafanyakazi kikaja kama kawaida yetu: vijisanduku vya chipsi na paja la kuku, vya mpishi mmoja wa mjini tuliyekuwa tukimlipa. Vijana wakatoka nje, wakajipanga barazani kwa Bi Zuhura, wakala huku wamekunja magoti. Watu kama kumi na tano. Bi Zuhura akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona majirani wanatazama pia.

"Kadzo! Hawa wana wa watu wala nje, mlangoni pangu, kana kwamba nyumba hini haina mwenyewe?"

"Ni chakula cha kampuni, Bi Zuhura. Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu wa wapi huo? Yuwapi mkubwa wenu?"

Mkubwa wetu alikuwa Denis, mwongozaji, kijana wa Nairobi mwenye haraka na kofia. Bi Zuhura alimpokonya kijisanduku mkononi, akakichungulia, akakifunika tena kwa huruma. "Ndooni ndani nyote," akasema, na siku hiyo tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Siku ya pili asubuhi tukakuta mahamri na mbaazi yanatungoja. Siku ya tatu ilikuwa pilau. Denis alimpigia simu yule mpishi wa vijisanduku akamwambia asije tena.

Nyinyi mnacheka, lakini hebu fikirini hesabu yake. Nilikuwa nikimpa elfu tano jioni, kwani nilimwombea alipwe kila siku asingoje mwisho. Asubuhi namwona anatoka sokoni Marikiti na hamali nyuma yake amebeba nazi, viazi, vitunguu, kuku wawili hai wamening'inia miguu juu. Elfu tano ile ilikuwa inaingia tumboni mwa Otieno. Mshipi wake ulihama tundu mbili katika juma moja. Na hakuishia kuwalisha mchana. Jioni kila mtu alifungiwa chakula cha kupeleka nyumbani ndani ya hotipoti ya kutunza joto, mke wako aonje, watoto wako waonje. Hotipoti zake zilitapakaa kutoka Tudor mpaka Changamwe. Zilipomwishia akaenda kwa wachuuzi wa Mwembe Tayari, akanunua nyingine mpya, za maua mekundu.

Mimi yangu ya kwanza niliirudisha imeoshwa vizuri, inang'aa. Akaifunua, akatazama ndani, akanitazama mimi. "Kadzo, Kaloleni mwaka huu hata ndimu hazikuzaa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Adabu hiyo hata kwetu tunaijua, ni haraka ya kazi tu iliyonipumbaza. Chombo cha mwenzio ukikirudisha watia kitu, hata kama ni chumvi ya mkononi. Siku iliyofuata nikamletea maembe, akapokea kwa mikono miwili, na jioni nikapewa hotipoti kubwa zaidi.

Juma la pili likaisha. Nikamkuta jikoni anakuna nazi, nikaamua kumwambia waziwazi. "Bi Zuhura, pesa ya kaka yako umeweka ngapi?"

Akaendelea kukuna. "Iko."

"Iko ngapi?"

"Kadzo, wanihesabia?"

"Hawa vijana wana chakula chao. Kampuni imewatengea. Ukiwalisha wewe, nyumba itakwenda."

Akaweka mbuzi ya kukunia pembeni. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe wanambia nikae na watu ndani ya nyumba ya babangu, kutwa nzima, nile wanitizame? Nyumba ya namna hiyo hata ikiuzwa, kuna haja gani ya kuililia?"

Basi nikaona nitumie akili. Nikanunua gunia la mchele kwa pesa yangu, nikalipeleka kimyakimya ili angalau mchele usimtoke mfukoni. Alifurahi mno. Akawaita majirani wa kichochoro kizima, akawatangazia kwamba Kadzo ameleta mchele, na siku ile tulikula watu arubaini.

Nikajaribu njia nyingine. Nikawakusanya vijana wa kamera kule kona, nikawasihi: leo semeni mmeshiba. Kuleni vijiko viwili, shikeni matumbo, shukuruni. Walinielewa, maskini, na walijitahidi. Otieno alitazama biriani ile kama mtu anayeaga ndugu uwanja wa ndege. Bi Zuhura alizunguka na sinia, akaona sahani zimejaa, akaonja chumvi, akaonja tena, akanivuta jikoni macho yamemlengalenga. "Nimewaudhi nini? Kuna mtu amesema nyumba hini ina uchafu?" Nilimwapia hakuna. Hakuniamini. Kesho yake alichinja mbuzi.

Pale ndipo niliposalimu amri. Na kuna mtu mwingine aliyekuwa akila pamoja nasi, msimsahau: Abdalla mwenyewe. Kila siku, saa sita na nusu, alikuja kutoka Kisauni "kukagua paa". Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kanzu iliyonyooka. Alipanda juu, akatazama boriti moja, akateremka, na Bi Zuhura akamwekea sahani mbele ya wote, nyama ya paja. Wakati mwingine aliomba kuongezewa. Sijui kama dada yake alikuwa akimchukia kwa habari ya nyumba. Mbele ya mkeka haikuonekana.

Denis aliuona ugomvi ule kabla haujawa ugomvi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Zilipobaki siku mbili akaniita. "Anti Kadzo, yule kaka akija siku ya mwisho kudai pesa, na mama hana, nataka kamera iwe hapo. Mwambie mama nitamlipa elfu tisini kwa siku hiyo moja."

Hapa mnielewe vizuri, maana ndipo penye siri ya malipo ya kazi ile. Kupika kunalipwa elfu tano. Kulia kunalipwa zaidi. Kumtukana ndugu yako mbele ya nchi nzima ndiko kunakolipwa vizuri kuliko yote, na kampuni haitakwambia hivyo siku ya kwanza, itangoja mpaka uwe na shida. Nilimpelekea Bi Zuhura maneno yale kama nilivyoambiwa. Elfu tisini, na akiba yake aliyonionyesha mwishowe, iliyofungwa kwenye ncha ya leso, ilikuwa elfu kumi na mbili.

Alifikiri. Sitasema hakufikiri. Kisha akasema, "Mwambie mwanangu Denis ahsante sana. Aje ale. Lakini ya mimi na kakangu si ya kuoneshwa watu."

"Bi Zuhura, nyumba."

"Nimesikia, Kadzo."

Nilimkasirikia. Nilitoka mle nikatembea mpaka Marikiti bila kujua nakwenda wapi, nikasimama katikati ya mafungu ya ndizi nikalia, na muuza ndizi akanipunguzia bei akidhani nalilia hilo. Nilikuwa nimewaona washiriki wengi wakiumia na kazi yetu, wengine kwa tamaa, wengine kwa maneno ya watu. Huyu alikuwa anaumia kwa kutuandalia chakula, na mimi ndiye niliyemwambia itatimia.

Niliporudi ofisini nikamkuta Mwakio amekaa na hotipoti mezani, ile ya maua mekundu, anaitazama kama ankara asiyoielewa.

"Kadzo, hii nitairudishaje? Mke wangu asema haiwezi kurudi tupu. Na asema pia hana anachoweza kupika kikasimama mbele ya ile biriani. Tumekaa na hotipoti ya watu siku tisa."

"Tia chochote, Mwakio. Hata sukari."

"Sukari kwa mtu aliyenilisha mwezi mzima?" Akavua miwani, akaifuta. "Na hizi pesa nazo nizipeleke wapi, sijui."

"Pesa zipi?"

"Za chakula cha wafanyakazi. Sijazigusa tangu mlipomfukuza yule mpishi. Picha zikiisha zinarudi Nairobi."

Tulitazamana. Nawaambia, vijana, tangu siku hiyo sijasema neno baya juu ya wahasibu. Nikamuuliza ziko ngapi, akanitajia: elfu themanini na mbili. Pesa iliyotengwa kuwalisha watu walewale, siku zilezile. Tukaenda kwa Denis, tukamkuta ameshika kaimati mkono mmoja na shira inamtiririka kidoleni. Mwakio akamweleza. Nilijitayarisha kubishana, nilikuwa na maneno yangu yote tayari, lakini Denis alitazama tumbo lake, akatazama kaimati, akatia sahihi, akaacha na alama ya shira kwenye karatasi.

Ila mnamjua Bi Zuhura. Ungempa pesa ya chakula mkononi angekutoa mpaka nje ya Kuze. Yeye si hoteli. Basi nikawapigia simu vijana wote: kesho kila mtu aje na hotipoti yake, hata iliyovunjika mkono.

Siku ya mwisho saa sita na nusu Abdalla akafika, akapanda kutazama boriti yake, akateremka, akakaa mkekani, akawekewa sahani. Alikula kwanza. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema kwa sauti yake ile ya upole, "Dada, mwezi umekwisha."

"Umekwisha, kaka," akasema Bi Zuhura, na akaanza kuinuka kwenda kuchukua leso yake yenye elfu kumi na mbili.

Nikasimama mbele yake. "Kabla hujaenda, Bi Zuhura, watu wana vyombo vyako."

Wakaingia kwa mstari. Mwakio mbele, amevaa koti. Otieno nyuma yake na mbili, moja kila mkono. Wa taa, wa kamera, madereva, kila mmoja akaweka hotipoti yake mkekani kwa adabu mpaka mkeka ukajaa na sahani ya Abdalla ikasukumwa ukingoni. Bi Zuhura akaangaza uso, akafunua ya Mwakio. Akaifunika upesi kama aliyeona nyoka. Akafunua ya pili. Akafunua ya tatu.

"Kadzo! Nini hini?"

"Chombo cha mwenzio ukikirudisha watia kitu. Si wewe ulinifunza?"

"Nilisema ndimu!"

"Ndimu mwaka huu hazikuzaa."

Akamgeukia Mwakio, ambaye alijificha nyuma ya miwani yake. "Mimi nimetumwa na mke wangu," akasema. Akamgeukia Denis. Denis alikuwa amesimama kando ya kamera, na kamera ilikuwa imezimwa, kifuniko cha lenzi mahali pake. Hakuna aliyemwambia aizime. Sikumtarajia kijana yule kufanya hivyo, na nilimpenda kuanzia hapo, ingawa ndiyo picha nzuri kuliko zote zilizopata kuwa mbele yake.

Bi Zuhura alitaka kukataa. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini angekataaje? Kurudisha kilichotiwa ndani ya chombo chako ni kumtukana aliyekitia, na yeye hajapata kumtukana mgeni. Alikaa chini katikati ya hotipoti zake, akajifunika uso kwa mtandio, akalia na kucheka kwa pamoja, na sisi sote tukawa hatujui tutazame wapi.

Abdalla ndiye aliyezihesabu pesa, kwa kuwa ndizo zake. Alifunua hotipoti moja moja, taratibu, na kila alipofunua harufu ya karafuu ilitoka pamoja na noti. Dada yake akafungua ncha ya leso, akaongeza elfu kumi na mbili. Abdalla akahesabu tena. Elfu tisini na nne.

Ilipungua elfu sita. Niliona Otieno anapapasa mifuko yake, na dereva anampapasa Otieno. Muuza kahawa alipita nje na vikombe vyake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetoka kumlipa.

Abdalla alitazama zile noti mapajani mwake. Akatazama sahani yake pale ukingoni, mifupa imepangwa upande mmoja, safi. Akatazama juu kwenye boriti aliyoikagua mwezi mzima. Kisha akakohoa.

"Hiyo iliyobaki," akasema, "nishaila, dada."

Kicheko kilichotoka mle ndani kilisikika mpaka sokoni. Bi Zuhura alimpiga kaka yake begani kwa mtandio, akampiga tena, kisha akainuka, akaenda jikoni kumwongezea.

Kwa hivyo mkiniuliza washiriki hulipwa ngapi, jibu ni elfu tano kwa siku ya picha, ukate tokeni, na tafadhali ulizeni kabla ya yote nani anawalisha wafanyakazi. Na siku ambayo nyumba ya Kuze ilipona, kwa kuwa kamera ilizimwa, haikuhesabiwa kuwa siku ya picha. Hakuna mtu aliyelipwa.

Nyumba ingali ipo, na mwenyewe yumo. Jioni ile, tulipokuwa tukifunga nyaya, aliniita mlangoni akanipa hotipoti moja ya maua mekundu, nzito, nipeleke nyumbani. Nikairudisha Jumapili na maembe ndani. Ikarudi kwangu na mkate wa sinia. Nikaipeleka na korosho za Kaloleni. Ikarudi na viazi karai. Nimestaafu, magoti yameniishia, na sasa hivi ninapoandika haya iko juu ya kabati yangu, imeoshwa, nami sijajua bado nitaitia nini.